Jinsi Wodi Baridi Ilivyopata Mwenyewe

Vijana wa idara ya majengo, mmenisumbua sana niandike, na sasa naandika, kwa hiyo mnivumilie. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vyote nilivyopata vilibandikwa mlangoni mkaviona. Mshahara nao ni siri ya aibu kati yangu na mke wangu. Nitaeleza zaidi jambo moja ambalo ninyi mkilijadili mnalifanya zito kama zege: kwa nini watu wa nchi ya joto wanaikataa nyumba inayojipoza yenyewe, bila feni na bila stima. Mnasema ni gharama, ni sheria, ni mafundi kukosa mafunzo. Yote ni kweli. Lakini mimi niliona jengo zuri kupita yote niliyowahi kuyashikia mwiko likikaribia kuwa ghala la pamba kwa sababu ya maneno matatu ya Kiswahili, na hadi leo nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma.

Nilianza kazi Migori mwanzoni mwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa unanukia. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa mwenye duka aliyekuwa amebomoa duka lake la udongo na nyasi ili ajenge la kisasa. La kisasa maana yake lilikuwa mabati juu, hakuna dari, na dirisha moja la kioo lisilofunguka, kwa sababu aliona moja kama hilo Kisumu na likamkaa rohoni. Tukajenga. Siku ya kufungua duka watu walijaa kuangalia mabati yanavyong'aa. Kufika saa sita mishumaa yote kwenye rafu ilikuwa imeinamisha vichwa, sukari guru imeshikana na karatasi, na wateja wamesimama nje wakiagiza chumvi kwa kupiga kelele. Mimi, mgeni wa kazi na mdomo mrefu, nikamuuliza, "Mzee, si ile ya nyasi ilikuwa na baridi?" Akajipangusa jasho shingoni akanijibu bila hasira, "Kijana, ile ilikuwa na baridi. Hii iko na heshima."

Hapo ndipo nilipoingia kwenye tatizo lenu, miaka mingi kabla hamjalipa jina refu.

Baadaye nilihamishiwa Homa Bay, chini ya Mzee Odera. Alikuwa fundi mkuu, mnene, mcheshi, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na nyundo, kwa hiyo ukitaka likizo ulimwomba upande wa kulia. Siku yangu ya kwanza nilifika na timazi mpya, pima maji mpya, suruali mpya, niko tayari kuchimba msingi wa dunia. Akanipa kiti. "Keti hapo, Ja-Kuria." Nikaketi katikati ya kiwanja kitupu. Alikuwa amefunga unyoya wa kuku kwa uzi juu ya fito, na kazi yangu siku nzima ilikuwa kumwambia unyoya unaelekea wapi. Asubuhi ulilala. Jua lilipopanda, upepo wa ziwani ukaingia, unyoya ukaanza kucheza ngoma kuelekea milimani na haukuacha hadi jioni. Wapita njia walinicheka sana. Kesho yake alipokamata kamba ya kupimia, ndipo nilipoelewa kwamba nyumba ilikuwa imeshawekwa mahali pake tangu jana, imebaki kujengwa.

Nikiri pia kwamba mimi ni Mkuria na Kidholuo kilinipita kushoto na kulia. Miaka yote ile ya mwanzo nilijua maneno matatu: *pi*, maji, *kuon*, ugali, na *bi*, njoo. Kwa fundi yanatosha kabisa. Mengine yote tulisukuma kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu kila mtu alikuwa na chake.

Kazi yetu ya kwanza pamoja ilikuwa nyumba ya karani Obuya. Tukamwekea matundu mapana juu ya kuta, hewa ya moto ipate pa kutokea. Tukajisifu. Baada ya wiki nikapita kumsalimia, nikakuta matundu yote yamezibwa kwa suruali kuukuu, na karani mwenyewe ameketi ndani akipika kama muhogo.

"Karani, kulikoni?"

"Fundi, wewe hujui hii nchi. Kuna jajuok hapa. Anakimbia usiku, anatupia watu mchanga ndani ya nyumba. Na wewe umenifungulia madirisha juu, ati aingize mkono vizuri!"

Jajuok ni mtu anayekimbia uchi gizani kutisha majirani, na msicheke, mwenye mlango mwembamba na dirisha dogo ana sababu zake. Nilipompelekea Mzee Odera habari hiyo, hakubishana. Alikwenda na wavu wa waya wa kuchungia kokoto, akaupigilia kwenye kila tundu. "Sasa mchanga utachujwa," akasema, na karani akavaa suruali zake tena.

Sasa nije kwa wodi.

Kando ya ziwa, nje kidogo ya mji, kulikuwa na zahanati ndogo ya halmashauri, na muuguzi wake mkunga aliitwa Nesi Mwikali. Alikuwa Mkamba, mwembamba, mwenye haraka, akitembea utadhani amesahau chungu motoni. Wodi yake ya kina mama ilikuwa sanduku la mabati lisilo na dari, na madirisha upande mmoja tu. Mwezi wa pili ukiingia, kuta zilikuwa hazigusiki. Alinieleza siku moja, bila kunitazama, kwamba mtoto alizaliwa mle akiwa mzima, akalia vizuri, kisha joto likamshinda kabla ya jua kutua. Mama yake alikuwa msichana tu. Nesi Mwikali aliandamana na yule mama hadi kwao kwa miguu, na aliporudi aliapa kwamba hatazalisha tena mtu chini ya mabati yale mwaka mwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya jambo lote, na mkiona nacheka hapa chini, jueni sijaisahau.

Aliomba, akasumbua, akalia, na mwishowe injinia mmoja kijana akachora mchoro, na Mzee Odera akauongezea unyoya wake. Tukajenga. Upande mrefu ukatazama ziwa. Kuta nene za matofali ya kuchoma, veranda pana pande zote mbili, matundu chini upande wa ziwani na mengine juu upande wa pili, mbao za kufunga badala ya vioo. Juu mabati, lakini chini yake dari ya mafunjo iliyosukwa na kina mama wa ufukweni, na katikati nafasi ya hewa kupita. Halafu mabati yenyewe tukayapaka chokaa.

Kwa ajili ya chokaa hiyo diwani Okelo alikuja mbio hadi kofia ikaanguka. "Mabati mapya! Mabati mapya unapaka rangi ya mavi ya ndege? Watu wataona wapi kwamba nimewaletea maendeleo? Kutoka barabarani haing'ai!"

"Haing'ai, mheshimiwa, kwa hiyo haichomi," nikamwambia.

"Na kukosa kura hakuchomi?"

Nesi Mwikali akamshika mkono, akamwingiza ndani. Alikuwa ameweka kopo la siagi kwenye wodi ya zamani na jingine kwenye mpya tangu asubuhi. La zamani lilikuwa mafuta ya kukaangia. La mpya, diwani alilichoma kwa kidole na kidole kikasimama. Akakilamba, akatikisa kichwa, lakini hakukubali kushindwa. "Sawa. Ila pamba ya msimu huu haina ghala. Nyumba hii ikikaa bure mpaka soko la pamba lifunguliwe, naichukua. Pamba pia inapenda hewa." Na hakuwa akitania, halmashauri yote ilikuwa nyuma yake.

Nesi hakuogopa. Nani angekataa wodi kama ile? Tulikosea hapo, vijana, sote tuliokuwa tukiipenda. Ukiwa ndani ya ubaridi unasahau kuuliza aliye nje amesikia nini.

Chifu akaitisha baraza. Mzee Odera alikuwa Oyugis akijenga darasa, kwa hiyo mtafsiri alikuwa karani Obuya, mwaminifu kama mizani. Nesi Mwikali akapanda juu ya sanduku, akatoa sauti: "Kina mama, tumewajengea nyumba baridi! Mje mzalie kwenye nyumba baridi!" Obuya akageuza neno kwa neno: *ot mang'ich*. Nikaona kina mama waliokuwa mbele wakirudi nyuma. Mmoja akakumbatia tumbo lake. Tukadhani wanaona haya.

Wiki ikapita, hakuja mtu. Nesi akafikiri: labda wanaogopa watoto kupata kichomi. Baridi haifai, tutafute neno laini. Kwenye baraza lililofuata akatangaza "wodi ya kivuli". Obuya akageuza: *tipo*. Safari hii wazee wawili waliondoka na viti vyao. Wiki nyingine ikapita, na hata wale waliokuwa wakija kuchukua dawa ya kikohozi wakaanza kuzunguka mbali. Basi Nesi akaamua kuachana na mtafsiri, akaenda mwenyewe sokoni, akawaambia wauza samaki kwa Kiswahili chepesi: "Hii ni wodi ya upepo, mama. Upepo mzuri kutoka ziwani." Sasa, Kiswahili chetu cha huku, ile herufi ya mbele tunaila. Kufika jioni soko zima lilijua kwamba yule nesi Mkamba amefungua wodi ya pepo.

Mzee Odera aliporudi kutoka Oyugis tulimsimulia kwa masikitiko, upande wa kulia. Alianza kutikisika mabega. Halafu akaketi kwenye rundo la matofali. Halafu akalala juu yake kabisa, akipiga matofali kwa kiganja, machozi yakimtoka. "Yawa! Yawa, mmeniua! Nyumba baridi ni pale wanaweka maiti! Hiyo ya pili, tipo, ni kivuli cha mtu, ndiyo, lakini pia ni roho ya mtu aliyekufa! Mmewaambia kina mama, kujeni mzalie mochari, mkikataa tutawapa mizimu, na mkikataa mizimu, basi pepo!" Nesi Mwikali alimtazama, mdomo wazi, kisha naye akaanza. Tulicheka watatu sisi mpaka mbwa wa zahanati akatoroka. Kisha Nesi akaacha kucheka ghafla, akajifuta uso kwa aproni, kwa sababu malori ya pamba yalikuwa yameanza kuonekana barabarani.

Tulijaribu kurekebisha. Mzee Odera mwenyewe alienda nasi sokoni, mimi na Nesi, na Kidholuo chake kisafi, lakini neno likishatoka limetoka. Aliyetujibu alikuwa Min Ajwang', yaani mama yake Ajwang', muuza samaki na mkunga wa siku nyingi, aliyezalisha nusu ya ufuo ule. Hakuwa na ubaya na Nesi, alimwonea huruma tu.

"Nyumba yenu ni nzuri," akasema akiendelea kupara samaki. "Nimeichungulia. Lakini hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ya serikali," nikasema.

"Serikali ni mwanamke?"

Nikacheka peke yangu.

"Kwetu nyumba iko na mwanamke yake. Nyumba ya Min Fulani, nyumba ya Nyar Mahali Fulani, binti wa huko. Hapo ndani moto inawaka. Nyumba haina mwanamke, hiyo ni baridi kweli. Mimi nitaleta mtoto wa mtu kuzaa kwa nani?"

Nililichukua kama utani wa sokoni. Nesi alilichukua kama kukataliwa kwa mwisho, akaanza kufungasha vitambaa vyake.

Wakati huohuo, kwetu Ukuria, habari zilifika kwa kasi ambayo posta haijawahi kuifikia: kijana wenu amejenga nyumba ya maiti na wafu wenyewe wameikataa. Mke wangu Robi alikuwa na mimba ya kwanza, miezi ikiwa imetimia. Mama yangu alishapanga azalie nyumbani. Robi akampa mama kisogo, akapanda basi na kuku chini ya kwapa, akashuka Homa Bay jua likiwa utosini, akanikuta nimeketi kwenye veranda ya wodi.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo."

"Umeijenga vizuri au vibaya?"

"Vizuri, Robi. Sijawahi kujenga vizuri hivi."

"Basi nitazalia humu. Watu wananicheka kwa sababu yako, na mimi sitaki kuchekwa bure."

Niliogopa. Ninasema wazi, sijawahi kuogopa jengo langu kama siku zile. Jambo likienda vibaya ningempoteza mke na mtoto, na wodi ingebaki mochari milele, na hakuna chokaa ya kuifuta hiyo. Usiku nililala macho. Mchana nilizunguka kuta nikizigonga kama mnunuzi wa mtungi, na Mzee Odera akaniambia niache, matofali hayazai.

Uchungu ulimshika asubuhi moja, baada ya chai. Nesi Mwikali akanitupa nje. Nikakaa kwenye veranda, unyoya ule ule wa Mzee ukicheza mbele yangu, na jua likapanda mpaka lile sanduku la zamani la mabati likaanza kupiga kelele za kutanuka, ta, ta, ta. Ndani ya wodi mpya palikuwa kimya, isipokuwa Robi, ambaye alikuwa akinitukana kwa Kikuria kwa ufasaha ambao sikujua anao. Kina mama wa sokoni walianza kukusanyika mbali, chini ya ukuta wa zahanati. Walikuja kuona mochari inavyofanya kazi. Mwishowe Min Ajwang' akashindwa na hamu. Akaweka karai lake chini, akapita veranda, akachungulia mlangoni.

Anasema hewa ilimpiga usoni kama maji. Akasimama pale, mlango wazi, akishangaa, akatamka kwa sauti yake ya sokoni, "Lakini jamani, hii nyumba ni ya nani?"

Kutoka ndani Robi akapiga ukelele uliosikika hadi kwenye mashua: "Ni yangu! Hii nyumba ni yangu! Ingia au utoke, lakini funga mlango!"

Min Ajwang' akaingia. Akafunga mlango.

Binti yetu Boke alizaliwa alasiri, saa ambayo Homa Bay huwa haina hata mbuzi anayetembea. Nilipoingizwa, Robi hakuwa na jasho usoni, na mtoto alikuwa amefunikwa blanketi. Blanketi, vijana, mwezi wa pili! Nililia. Nesi Mwikali alilia. Min Ajwang' alikuwa ameshika kitovu cha mwanangu na kutoa amri kwa kila mtu, na kabla hajaenda kuchukua karai lake alisimama kwenye veranda akawaambia wale wa ukutani maneno machache. Mimi nilishika mawili tu: *Od Robi*. Mzee Odera alinitafsiria akinyanyua nyusi. Nyumba ya Robi.

Wa kwanza alikuja kesho yake. Kisha wawili. Waliuliza njia ya kwenda kwa Robi, na wengine walileta unga na samaki, kwa sababu huendi kwenye nyumba ya mwanamke mikono mitupu. Robi akawapokea akiwa kitandani, akawaonyesha pa kulala. Nesi Mwikali akakataa katakata kumruhusu kurudi nyumbani. "Ukitoka, nyumba inakosa mwenyewe. Kaa hapo." Kwa hiyo mke wangu akawa mtumishi wa halmashauri asiye na mshahara, na mimi nikala kwa Mzee Odera mpaka mkewe akanizoea.

Soko la pamba likafunguliwa, na diwani Okelo, ambaye habari yake ya mwisho ilikuwa kwamba wodi iko tupu, ni mtu wa neno lake. Lori likaja limejaa magunia, vijana wamekaa juu, diwani mbele kando ya dereva. Likarudi kinyumenyume hadi kwenye veranda. Vijana wakashusha gunia la kwanza. Min Ajwang' akatoka akiwa ameshika beseni la maji, akasimama katikati ya mlango, na kwa ajili ya dereva, aliyekuwa mgeni, akasema kwa Kiswahili.

"Unapeleka wapi hiyo?"

"Ndani, mama. Mheshimiwa amesema."

"Ndani kwa nani? Hii ni nyumba ya mtu. Umemwomba mwenye nyumba?"

Dereva akamtazama diwani. Vijana wote wakamtazama diwani, gunia likiwa hewani, na hakuna hata mmoja aliyesogea, kwa maana wote walikuwa watoto wa huko na walijua mwanamume haingizi mzigo kwenye nyumba ya mwanamke bila ruhusa yake. Diwani Okelo alijua zaidi yao. Aliangalia ziwa. Aliangalia mabati yake yasiyong'aa. Kutoka ndani watoto wawili walianza kulia, halafu wa tatu. Nesi Mwikali alikuwa amesimama kando yangu, vidole vyake vimenishika mkono mpaka ukauma.

Diwani akashuka kwenye lori. Akavua kofia, akaishika kifuani, akapanda veranda, akasimama mbele ya mlango.

"Hodi hapa kwa Robi."

Mke wangu alikuwa akinyonyesha. Hakuinua kichwa.

"Karibu mheshimiwa," akasema, "lakini pamejaa."